Anayevusha chai aionje kwanza

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, katoni ya chai ya vifuko ni mzigo wa raha. Ni nyepesi, haiozi njiani kama nyanya wala haipasuki kama mayai. Inaingia kwenye buti la teksi, inafungwa nyuma ya bodaboda, inapangwa katikati ya marobota ya mitumba, na ng'ambo ya pili mnunuzi yupo kila siku ya mwaka. Ndiyo maana Namanga, Busia, Mutukula, Rusumo, Kabanga na Goma ni vigumu kukuta duka la jumla lisilo na rafu ya chai.

Lakini raha hiyo ina mtego wake. Nyanya mbovu huonekana kwa macho, na mchele wenye mawe hujulikana kiganjani. Kifuko cha chai hakisemi kitu. Majani yamefungwa ndani ya karatasi, vifuko vimefungwa ndani ya boksi, boksi limevikwa nailoni, na maboksi yamejazwa ndani ya katoni. Katika safari nzima, kutoka kwa mpakiaji hadi kwa mwenye duka, huenda asipatikane hata mtu mmoja aliyeonja mzigo ule. Mwonjaji wa kwanza anakuwa mteja wa mwisho, asubuhi, akiwa na chapati yake mezani.

Mteja huyo akikuta chai imepooza, hamjui mwenye kiwanda na hatamtafuta. Atamrudia aliyemuuzia, au atanyamaza na kuhamia duka la jirani. Mama ntilie aliyezoea kifuko kimoja kwa kikombe, akilazimika kuweka viwili, gharama yake ya majani imekuwa maradufu ilhali bei ya kikombe chake haijapanda hata senti. Huyo hahitaji kufundishwa maana ya ubora. Anaihesabu jioni anapofunga kibanda.

Hapo ndipo mtaji mdogo unapokatika. Aliyenunua katoni 20 kwa fedha ya kikoba hawezi kungoja miezi mitatu zitoke moja moja. Marejesho yana tarehe, na kodi ya fremu ina tarehe. Chai mbaya haimwozei mikononi, ila inamkalia ghalani mpaka riba imle. Kwa sababu hiyo yapo mambo mawili yanayopaswa kwenda pamoja: anayevusha chai aionje kabla ya kulipa, na wenye mamlaka mpakani waipishe haraka chai iliyothibitishwa kuwa njema.

Vumbi lenye jina na vumbi la sakafuni

Iko imani sokoni kwamba ndani ya vifuko huwekwa makapi yaliyofagiwa kiwandani. Imani hiyo imezaliwa na jina la daraja. Sehemu kubwa ya chai nyeusi ya Afrika Mashariki hutengenezwa kwa mtindo unaojulikana kwa herufi CTC: majani hunyaushwa, hupitishwa kati ya vinu vyenye meno vinavyoyaponda, kuyachana na kuyakunja, huachwa yapate hewa mpaka yageuke kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, kisha hukaushwa hadi unyevu ubaki karibu asilimia 3. Baada ya hapo huchekechwa kwa ukubwa wa punje. Madaraja ya kwanza ni BP1, PF1, PD na D1. Herufi D katika biashara hii ina maana ya vumbi, nayo hueleza udogo wa punje tu. D1 iliyotengenezwa vizuri ni chai ya daraja la kwanza.

Punje ndogo hutoa rangi na ukali upesi, na kifuko kinahitaji chai itakayoiva ndani ya dakika chache. Ndiyo maana PF1 hupendwa sana na wapakiaji wa vifuko. Tatizo liko chini ya madaraja hayo, kwenye chai ya daraja la pili yenye nyuzi na vikonyo, inayotoa maji ya hudhurungi yasiyo na nguvu. Kifuko chenye PF1 safi na kifuko chenye nyuzi hulingana kwa umbo na hupangwa kwenye maboksi yanayofanana. Tofauti yake hutokea ndani ya maji ya moto, na kwingine kokote haionekani.

Nguvu hiyo huanzia shambani. Mchumaji aliyechuma majani mawili na chipukizi ameshaamua sehemu kubwa ya ladha kabla gari la kiwanda halijafika. Anayeng'oa mpaka majani magumu ya chini anaongeza kilo kwenye mizani na nyuzi kwenye kifuko. Majani mabichi yakishindiliwa guniani na kukaa juani hupata joto na kuanza kuharibika yenyewe. Hakuna kinu kinachorudisha kilichopotea hapo.

Chai nzuri inakokwenda

Eneo hili halina upungufu wa chai njema. Kericho na Nandi, Mufindi na Rungwe, Fort Portal na Bushenyi, Mulindi na Gisovu, Teza na Rwegura, zote ni nchi za miinuko, mvua na baridi inayofanya mche ukue taratibu na kujenga ladha. Mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969 umekuwa mkubwa kuliko mingine duniani kwa chai ya CTC. Huko hufika chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo na nchi nyingine za Afrika, na chai ya Rwanda imezoeleka kupata bei zilizo juu. Tanzania nayo ilifungua mnada wake Dar es Salaam mwaka 2023.

Mnadani chai haiuzwi kwa picha ya boksi. Kila toleo hutolewa sampuli, hutiwa maji ya moto na kuonjwa na watu waliosomea ulimi wao. Mnunuzi wa Pakistan, Misri au Uingereza anajua alichonunua kabla ya kutoa dola. Mpakiaji wa hapa nyumbani naye hununua kwa njia hiyo hiyo, akachanganya chai za viwanda mbalimbali ili ladha ya boksi lake ibaki ileile mwaka mzima. Kuchanganya si dhambi. Ni ufundi unaoheshimika duniani kote. Ila mchanganyiko hufuata bei. Mpakiaji anayetaka boksi la bei ya chini hupunguza chai ya milimani na kuongeza ya daraja la pili, na jina juu ya boksi linabaki vilevile.

Umri nao una neno. Mwaka 2021 Kenya iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vya wakulima wadogo inayopelekwa mnadani. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, lakini sehemu ya chai ilikosa mnunuzi ikarundikana ghalani, na baadaye sharti hilo likaondolewa. Funzo kwa mfanyabiashara ni rahisi: chai huzeeka. Hailewi wala haileti ugonjwa kwa kuzeeka, lakini mng'ao wake huzimika na ule ukakasi mzuri unaoamsha ulimi huisha. Anayepewa bei iliyo chini kupita kawaida asifurahi kabla ya kuuliza tarehe ya kupakiwa.

Hivyo katika mlolongo wote, kila anayenunua chai kwa wingi huionja, isipokuwa mfanyabiashara mdogo wa mpakani. Yeye hununua boksi kwa rangi yake na kwa maneno ya muuzaji.

Kosa la ghala na kosa la njia

Si kila chai iliyopooza ilitoka kiwandani ikiwa hivyo. Majani makavu ya chai hunywa unyevu na harufu kama sponji. Katoni iliyopakiwa pamoja na sabuni ya unga itatoa chai yenye sabuni. Iliyolala na dagaa itanukia dagaa, na iliyokaa karibu na dumu la mafuta ya taa haifai tena hata kwa kunywewa bure. Marobota ya mitumba yana harufu ya dawa, na chai iliyobanwa katikati yake kwa siku mbili huichukua.

Unyevu ni adui wa polepole zaidi. Chai iliyotoka kwenye tanuri ikiwa na unyevu wa asilimia 3, ikipanda na kupita asilimia 7, ladha yake hushuka upesi na ukungu unaweza kuingia. Katoni iliyowekwa juu ya sakafu ya saruji msimu wa masika hunywa maji kutoka chini bila mtu kuona tone. Vipande vichache vya mbao chini ya katoni, nafasi ya kiganja kati ya katoni na ukuta, na turubai kavu juu yake njiani vinaokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote la bei ya jumla.

Wapo pia wanaofungua maboksi makubwa na kuuza vifuko kwa kumi kumi ndani ya nailoni nyepesi. Mteja wa kipato cha siku ana haki ya kununua kidogo kidogo, na biashara hiyo inastahili kuheshimiwa. Lakini vifuko visivyo na bahasha zake, vikining'inizwa mlangoni juani, hupoteza harufu ndani ya muda mfupi. Afadhali chombo cha bati chenye mfuniko, na kufunguliwa boksi moja kwa wakati mmoja.

Maji ya mteja

Haki nayo idaiwe pande zote. Malalamiko mengine kuhusu chai ni malalamiko kuhusu maji. Hoteli nyingi ndogo humletea mgeni chupa ya chai yenye maji yaliyochemshwa alfajiri pamoja na kifuko pembeni. Ikifika saa nne asubuhi, maji hayo yameshuka mbali na kuchemka. Kifuko kikitumbukizwa humo hutoa rangi kidogo na ladha kidogo zaidi, na lawama humwangukia aliyeuza chai.

Mwinuko wa nchi nao unahusika. Pwani maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Kando ya Ziwa Kivu, lililo karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi joto 95 hivi. Kifuko kilichosifiwa Tanga kinaweza kuonekana dhaifu Goma kikiandaliwa kwa haraka ileile. Dawa yake ni kukiacha dakika mbili zaidi, kikombe kikiwa kimefunikwa. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo hufifisha rangi na kuacha utando juu ya kikombe.

Mazoea ya wanywaji pia hutofautiana, na mfanyabiashara mwerevu huyajua. Anayekunywa chai ya rangi, ile ambayo pwani huitwa mkandaa na Wakenya wengi huiita strungi, anataka mng'ao na harufu, kwa kuwa hakuna kitu cha kumfichia kasoro. Anayepika chai kwa maziwa sufuriani anataka nguvu itakayovuka maziwa na sukari. Anayetia tangawizi na mdalasini anasamehe mengi, lakini hasamehi chai isiyo na rangi. Muuzaji anayejua mteja wake yuko kundi gani hatavusha boksi lisilomfaa.

Mizani, bilauri na sumaku

Kuonja chai hakuhitaji maabara. Wataalamu wana utaratibu wa kimataifa, ISO 3103, wa gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, kwa dakika 6, chombo kikiwa kimefunikwa. Vifuko viwili vya gramu 2 ndani ya bilauri ya mililita 200 vinatosheleza kipimo hicho. Muuzaji wa jumla anayeamini mali yake hatakataa kufungua boksi moja. Anayekataa ameshajibu swali.

Ziwekwe bilauri mbili, moja ya chai mpya na nyingine ya chai ambayo wateja wameizoea na kuisifu. Bila sukari. Baada ya dakika 6 vifuko vitolewe, na macho yatangulie. Chai njema ina wekundu wa shaba unaong'aa, na mwanga wa dirisha hupita ndani yake. Chai dhaifu ina hudhurungi ya matope. Kisha pua: harufu iwe safi, isiwe ya gunia, moshi wala ukungu. Kisha ulimi: ukakasi mwepesi unaokaza na kuachia ni dalili ya uhai, ilhali uchungu usioondoka au ladha ya maji matupu ni dalili mbaya. Mwisho kiongezwe kijiko kimoja cha maziwa katika kila bilauri. Chai yenye nguvu hugeuka rangi ya dhahabu. Iliyochoka hugeuka kijivu.

Jambo moja huwachanganya wengi. Chai nzito ikipoa huweza kufanya utando kama wingu ndani ya bilauri. Wateja wengine hudhani imechafuka, lakini kwa kawaida hilo hutokea kwenye chai yenye nguvu, na likipashwa moto wingu huyeyuka. Mwenye kulijua hili hataacha mzigo mzuri kwa hofu ya bure.

Mizani ndogo ya dijiti, ile ya kupimia dhahabu au viungo, ni rafiki wa pili. Boksi la vifuko 100 vya gramu 2 lina gramu 200 za chai. Vifuko 10 vipimwe pamoja, uzito wa karatasi tupu na nyuzi uondolewe, na jibu ligawanywe kwa 10. Kila kifuko kikiwa na gramu 1.6 badala ya 2, boksi zima limepungua gramu 40, sawa na vifuko 20 vilivyolipiwa bila kuwapo. Katika katoni yenye maboksi 24, hiyo ni karibu kilo moja ya chai.

Zana ya tatu ni sumaku. Meno ya vinu husagika, na viwanda vizuri hupitisha chai kwenye sumaku kabla ya kuifunga. Kifuko kikipasuliwa juu ya karatasi nyeupe na sumaku ikapitishwa, chembe nyingi za chuma ni alama ya uzembe. Karatasi hiyo hiyo ikinyunyiziwa maji baridi kidogo, chai halisi hutoa rangi taratibu. Iliyotiwa rangi ya bandia hutoa madoa makali mara moja.

Kuhusu majani yaliyokwisha kupikwa na kukaushwa upya, jicho linaweza kudanganywa lakini maabara haidanganyiki. Kiwango cha kimataifa cha chai nyeusi, ISO 3720, kinataka angalau asilimia 32 ya uzito wa majani iweze kuyeyuka katika maji, na majivu yawe kati ya asilimia 4 na 8. Jani lililokwisha kutoa nguvu yake haliwezi kufikia kipimo cha kwanza. Chama cha wafanyabiashara wa mpaka mmoja kikichanga fedha ya kupima sampuli moja ya mzigo unaotiliwa shaka, gharama kwa kila mtu ni ndogo kuliko hasara ya katoni mbili.

Matokeo yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la chai, namba ya toleo, tarehe ya kupakiwa, aliyeuza na maoni ya bilauri, yote katika mstari mmoja. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko ushauri wa dalali yeyote.

Lango lisiharibu linachokilinda

Mfanyabiashara akishafanya sehemu yake, lango nalo lifanye yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya mwaka 2006 kuhusu viwango, uthibitisho wa ubora, vipimo na upimaji. Shabaha yake ni kwamba bidhaa iliyopewa alama ya ubora na shirika la viwango la nchi moja mwanachama itambuliwe katika nchi nyingine. Iko pia sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha. Kwenye karatasi, boksi la chai lenye alama halali lisingepaswa kuanza upya safari ya kuthibitishwa kila linapofika kwenye kizuizi kipya.

Hali halisi wanaijua wanaopita. Sampuli huchukuliwa tena, ada hulipwa tena, na mzigo husubiri majibu. Kwa kampuni yenye malori 10 hizo ni gharama za kawaida. Kwa mama mwenye katoni 12, siku tatu za kusubiri ni chakula, malazi na wateja waliokwenda kwingine. Na kwa chai yenyewe ni madhara ya moja kwa moja, kwani banda la kusubiria mara nyingi ndilo lenye sakafu yenye unyevu na magunia ya dagaa pembeni. Ukaguzi uliokusudiwa kulinda ubora unaishia kuuharibu.

Matokeo yake ni njia za panya. Chai hupita usiku kichwani, ndani ya mvua, bila risiti wala cheti. Na kwa kuwa njia hiyo haiulizi chochote, hiyo hiyo ndiyo hupitisha maboksi ya kughushi yenye alama zilizochapishwa vichochoroni. Mwaminifu na mghushi wakilazimishwa kupita mlango mmoja wa nyuma, mteja hawezi tena kuwatofautisha. Aliyenunua huko hana pa kurudisha mali wala pa kushitaki.

Mlango wa mbele haujafungwa kabisa. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kupitia utaratibu rahisi wa biashara, kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, ikiwa bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Chai iliyolimwa na kuchumwa ndani ya Jumuiya ina haki ya kuitwa ya hapa. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha, na kodi nyingine za nchi zinaweza kubaki, jambo ambalo ofisa anapaswa kulieleza kwa lugha inayoeleweka kabla mtu hajatoa fedha. Wafanyabiashara nao waache tabia ya kukabidhi kila kitu kwa mawakala wa barabarani, kisha kushangaa kuwa risiti ina jina la mtu mwingine.

Kinachohitajika kutoka kwa serikali si kikubwa. Kila kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kiwe na chumba kikavu cha vyakula, kilichotengwa na samaki, sabuni na mafuta. Orodha ya alama za ubora za nchi zote wanachama ibandikwe ukutani pamoja na picha zake, ili ofisa na mfanyabiashara wasome karatasi moja. Alama ikitiliwa shaka, shirika lililoitoa lipigiwe simu siku hiyo hiyo, na mzigo usizuiwe wiki nzima kwa kosa la kutojuana. Penye ushahidi wa kughushi, sheria isioneane haya na mtu.

Wapakiaji nao wana deni. Tangu Julai 2022 chai imo katika kundi la bidhaa zilizopangiwa ushuru wa asilimia 35 zikitoka nje ya Jumuiya. Ukuta huo unalipiwa na mnywaji wa hapa, na malipo yake yanapaswa kuwa chai inayonyweka. Boksi lionyeshe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, tarehe ya kupakiwa, uzito wa kila kifuko, nchi ilikolimwa chai na namba ya toleo. Mwenye mali njema hana cha kuficha hapo, na mfanyabiashara atakuwa na la kushika mkononi anapodai kurudishiwa fedha.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya mpakani kibaya hutembezwa kwa miguu ya mtu mwenye mtaji mdogo, na yeye ndiye anayebaki nacho soko likikikataa. Bilauri mbili, mizani ndogo na daftari haviwezi kuondoa kizuizi barabarani, lakini vinampa anayesimama mbele ya kizuizi hicho uhakika wa alichokibeba. Akiwa na uhakika huo, na risiti mkononi, ana haki ya kuuliza kwa nini mzigo wake bado umekaa juu ya sakafu yenye unyevu, na ofisa aliye mbele yake ana wajibu wa kumjibu siku hiyo hiyo.